Nani Awe Mwenyeji? Kuchagua mfumo wa kubeba mashine pepe katika ofisi ya Lamu

Kwenye kazi ya mashine pepe kuna mwenyeji na kuna wageni. Mwenyeji ni mfumo endeshi uliosakinishwa kwenye kompyuta yenyewe. Mgeni, yaani mashine pepe yenyewe, ni mfumo unaokaa ndani ya mwenyeji ukijiona kana kwamba una kompyuta yake peke yake. Ofisi nyingi za Lamu zinahitaji mpango huu na hazijaujua: nyumba ya wageni Shela ina kompyuta moja ya programu ya hesabu inayotaka Windows, ya pili inarekodi kamera, ya tatu inahifadhi faili. Ni kompyuta tatu, UPS tatu, na feni tatu zinazovuta hewa ya chumvi mchana kutwa. Sanduku moja lenye RAM ya kutosha linazibeba kazi zote tatu. Kinachobaki ni kuamua nani awe mwenyeji.

Watu huchagua kwa umaarufu au kwa uzuri wa skrini. Sisi tunapima hivi: stima ikikatika saa nane usiku na kurudi saa tisa, na fundi yuko Malindi, je, wageni wote watakuwa wameamka wenyewe kabla karani hajafungua mlango saa mbili asubuhi? Mwenyeji anayehitaji mtu wa kubonyeza kitu ili kazi iendelee hafai kisiwani, hata awe na sifa gani nyingine.

Pima kompyuta kwanza

Prosesa lazima iwe na uwezo wa kubeba mashine pepe. Kwa Intel uwezo huo unaitwa VT-x, kwa AMD unaitwa AMD-V. Karibu kompyuta zote za ofisi za mtumba zinazouzwa sasa zinao, lakini nyingi hufika ukiwa umezimwa kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta kabla mfumo haujawaka. Kwenye Windows fungua Task Manager, ukurasa wa Performance, bonyeza CPU, utafute mstari unaosema Virtualization. Kwenye Linux andika:

`grep -E -c '(vmx|svm)' /proc/cpuinfo`

Jibu likiwa 0, ama prosesa haina uwezo huo ama umezimwa. Ingia BIOS (F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa Lenovo nyingi za mezani) uwashe "Intel Virtualization Technology" au "SVM Mode". Ukiwa humo humo, badilisha betri ndogo ya CR2032 kama kompyuta ina zaidi ya miaka mitano. Betri hiyo ikifa, BIOS husahau mipangilio yake kila stima ikikatika. Kwa baadhi ya bodi hilo lina maana kwamba uwezo wa VT-x unazimika tena, na siku ya pili mwenyeji anakataa kuwasha wageni kwa ujumbe "KVM virtualisation configured, but not available". Mtu asiyejua atatafuta kosa kwenye programu wiki nzima, kumbe ni betri ya bei ndogo.

RAM ihesabu kwa kalamu. Chukua kompyuta ya GB 16: mwenyeji GB 2, Windows 11 ya hesabu GB 6, Debian ya kurekodi kamera GB 3, seva ya faili GB 2. Jumla GB 13, na tatu zinabaki kama akiba. Usiwagawie wageni RAM nyingi kuliko iliyopo kwa kutegemea kwamba hawataitumia yote kwa wakati mmoja. Ikiisha, kerneli (kiini) ya Linux huua mchakato unaokula RAM nyingi zaidi ili kuokoa mfumo, na mara nyingi anayekula zaidi ni mgeni mkubwa, yaani ile Windows ya hesabu. Karani ataona skrini imepotea katikati ya kazi bila onyo. Viini vya prosesa (cores) havina hatari hiyo. Kompyuta yenye viini vinne inaweza kuwapa wageni watatu viini viwili kila mmoja, kwani ni nadra wote kufanya kazi nzito pamoja.

Diski ya wageni iwe SSD. Mwenyeji, hata awe mwepesi kiasi gani, hawezi kuficha uzito wa wageni watatu wanaogombea diski moja ya kuzunguka. Kamera, kinyume chake, zipe diski yao ya kuzunguka. Kamera moja inayotuma megabiti 2 kwa sekunde huandika takriban GB 21.6 kwa siku. Kamera nne ni GB 86, na diski ya TB 1 inajaa kwa siku kama kumi na moja. Kuimiminia SSD ndogo maandishi hayo usiku na mchana ni kuichosha kabla ya wakati wake.

Kompyuta ambayo mtu anaitumia mwenyewe

Hapa hakuna haja ya maneno mengi. Mwanafunzi anayejifunza Linux kwenye laptopu yake ya Windows abaki na Windows yake na asakinishe VirtualBox au VMware Workstation Pro. Hiyo ya pili imekuwa bure kwa watu wote tangu Novemba 2024. Mwenye laptopu ya Apple yenye prosesa za M ajue kwamba wageni watakaokwenda kwa kasi ni wale waliotengenezwa kwa ARM tu, aina ya prosesa hizo. Windows ya kawaida ya x86, yaani ya prosesa za Intel na AMD, itakuwa nzito mno kwake.

Kuna kosa moja linalowapata wengi kwenye Windows. Mgeni anakwenda polepole mno, na chini ya dirisha la VirtualBox kuna alama ya kasa wa kijani. Kasa huyo anasema kwamba Hyper-V, programu ya Microsoft ya kubeba mashine pepe, imewaka na imeushika uwezo wa prosesa, na VirtualBox inalazimika kupita juu yake. Huenda hukuiwasha wewe: kipengele cha usalama kiitwacho Memory Integrity huiwasha, na WSL2 (Linux inayokaa ndani ya Windows) pia. Fungua terminali ya msimamizi, andika `bcdedit /set hypervisorlaunchtype off`, kisha anzisha kompyuta upya. WSL2 haitafanya kazi mpaka uirudishe kwa `auto`, na Memory Integrity nayo ukiizima unapunguza ulinzi wa kompyuta. Ikiwa unavihitaji hivyo viwili, acha VirtualBox utumie Hyper-V yenyewe.

Hyper-V haipatikani kwenye Windows 11 Home. Iko kwenye Pro, Enterprise na Education. Na kwa kipimo chetu cha saa nane usiku, tofauti yake na VirtualBox ni kubwa. Hyper-V hufanya kazi chini kabisa ya mfumo, kwa hiyo mgeni aliyewekewa kuanza mwenyewe ataanza hata kama hakuna aliyeingia kwa nenosiri. VirtualBox kwa kawaida yake huwaendesha wageni ndani ya akaunti ya mtu. Asipoingia mtu, hawaamki. Na mtu akitoka kwenye akaunti, wageni huzimwa pamoja naye.

Sanduku lililowekwa kwa kazi hii tu

Hapa ndipo uchaguzi una uzito, kwa sababu sanduku hili litakaa kwenye kidaka au juu ya rafu kwa miaka, na aliyelisakinisha hatakuwepo kila siku.

Windows Server yenye Hyper-V ni mwenyeji mzuri, lakini ilipie. Leseni ya Standard hukupa haki ya wageni wawili wa Windows Server, na ya Datacenter haina kikomo. Zamani kulikuwa na Hyper-V Server ya bure. Toleo la mwisho lilikuwa la 2019 na halikupata mrithi, kwa hiyo usiianzie kazi mpya. Windows 11 Pro kama mwenyeji wa bei ndogo tunaikataa kwa sababu moja: masasisho yake. Saa za kazi unazoweza kuzikinga ni 18 kwa siku tu, na nje ya hapo inaweza kujianzisha upya. Kwa mwenyeji mwenye wageni watatu ndani, hiyo ni kuwatoa wote nje kila inapoamua.

ESXi ya VMware, mwenyeji anayesakinishwa moja kwa moja kwenye kompyuta, ilikuwa jibu la mafundi wengi kwa miaka. Broadcom iliinunua VMware Novemba 2023, ikaondoa toleo la bure Februari 2024, kisha ikalirudisha Aprili 2025. Ofisi ndogo haifai kujenga juu ya msingi unaohamahama hivyo. Isitoshe, kisakinishi cha ESXi 8 hakiji na draiva za kadi za mtandao za Realtek, ambazo ndizo zilizojaa kwenye kompyuta za kawaida za mezani. Utafika hatua ya kadi ya mtandao na kazi itaishia hapo.

Linabaki kundi la Linux, na ndilo tunalolishauri. KVM, sehemu inayobeba wageni, imo ndani ya kerneli ya Linux tangu toleo la 2.6.20 la mwaka 2007. Haiongezwi kutoka nje na hailipiwi. Masasisho hayaianzishi kompyuta upya bila wewe kutaka. Sanduku lisilo na skrini ya madirisha hutumia chini ya GB 2 za RAM kwa ajili yake lenyewe. Leseni ya mgeni wa Windows bado utainunua, hilo halibadiliki hata mwenyeji awe nani.

Ndani ya kundi hili njia ni mbili. Ya kwanza ni Proxmox VE, iliyojengwa juu ya Debian, na toleo lake la 9 lilitoka Agosti 2025 juu ya Debian 13. Inasimamiwa kwa kivinjari kutoka kompyuta nyingine yoyote ya ofisi, na ina nakala rudufu, ratiba na kuanza kwa wageni kwa mpangilio, vyote tayari. Ya pili ni Debian yenyewe pamoja na libvirt, programu ya kusimamia wageni wa KVM. Ichague hii ikiwa sanduku hilohilo lina skrini inayotumiwa na karani, au RAM ni GB 8 tu na kila megabaiti ina kazi. Ukiwa na kompyuta ya pekee yenye GB 16 au zaidi, chagua Proxmox. Atakayekuja kuitunza baada yako ataona wageni wote kwenye ukurasa mmoja bila kukariri amri.

Kwa Debian, mambo ya lazima ni haya:

`sudo apt install qemu-system-x86 libvirt-daemon-system virt-manager ovmf swtpm swtpm-tools`

Mtumiaji aingizwe kundi la `libvirt`, kila mgeni awekewe `virsh autostart` na jina lake, na kwenye `/etc/default/libvirt-guests` uhakikishe kuna `ON_SHUTDOWN=shutdown` na `SHUTDOWN_TIMEOUT=180`, ili mwenyeji akizimwa awape wageni dakika tatu za kufunga kazi zao. Usichanganye KVM na VirtualBox kwenye Debian 13. Kerneli yake ya 6.12 huruhusu KVM kuushika uwezo wa prosesa mara tu inapopakiwa, na VirtualBox inaweza kugoma ikisema VERR_VMX_IN_VMX_ROOT_MODE. Chagua mmoja.

Kuisakinisha Proxmox

Pakua faili ya ISO kabla ya kuvuka kutoka Mokowe, upande wa bara. Ina kati ya GB 1.5 na 2, na usakinishaji wenyewe hauhitaji intaneti, kwa hiyo kazi yote inaweza kufanyika Lamu hata mtandao ukiwa chini. Linganisha `sha256sum` ya faili na ile iliyoandikwa kwenye ukurasa wa kupakulia. Flashi iliyoandikwa kutoka faili pungufu hugoma katikati ya kazi, na diski yako imekwisha kufutwa. Ukiandika flashi kwa Rufus, chagua namna ya DD, kwani ile nyingine haiwaki na Proxmox.

Kisakinishi hufuta diski nzima uliyoichagua. Chomoa diski zote nyingine kwanza. Kwenye swali la aina ya mfumo wa faili (Filesystem), jibu letu kwa sanduku lenye SSD moja ni ext4. ZFS ni nzuri ukiwa na diski mbili zinazonakiliana na RAM ya kutosha, kwani hutumia RAM nyingi kama akiba yake ya kusomea. Ukiichagua, weka kikomo kwenye `/etc/modprobe.d/zfs.conf`, kwa mfano `options zfs zfs_arc_max=2147483648` kwa GB 2, kisha `update-initramfs -u -k all` na uanzishe upya.

Anwani ya mtandao iwe ya kudumu na nje ya zile ambazo ruta hugawa yenyewe, tuseme 192.168.1.10/24 na lango 192.168.1.1. Iandike kwenye karatasi na kuibandika juu ya sanduku. Siku kampuni ya intaneti ikibadilisha ruta na mpya ikaja na 192.168.100.1, sanduku litaonekana limekufa kwa sababu bado liko kwenye mtandao wa zamani. Dawa ni kuunganisha skrini na kibodi na kurekebisha faili mbili, `/etc/network/interfaces` na `/etc/hosts`. Afadhali zaidi ni kuibadilisha ruta mpya itumie namba za zamani.

Baada ya kuwaka, fungua `https://192.168.1.10:8006`. Kivinjari kitaonya kuhusu cheti, endelea. Ujumbe wa kukosa usajili wa kulipia utatokea kila unapoingia, bonyeza OK. Lakini usiache hazina za programu zilivyo: zile za enterprise hukataa kwa kosa la 401 bila usajili, na sanduku halitasasishwa kamwe. Nenda kwenye Updates, kisha Repositories, uzime zote mbili za enterprise (ya pve na ya ceph) na uongeze ile ya No-Subscription. Kama una sanduku moja tu, zima pia huduma zinazoandika kwenye SSD kila wakati kwa ajili ya kundi la seva usilokuwa nalo:

`systemctl disable --now pve-ha-lrm pve-ha-crm`

Ukifika kwa mgeni wa Windows, kisakinishi cha Windows kitasema hakioni diski. Hakijaharibika kitu. Diski pepe ya virtio inataka draiva ambazo Windows haina. Pakia ISO ya virtio-win kama CD ya pili, bonyeza Load driver, chagua folda ya `vioscsi`, `w11`, `amd64`, na diski itatokea. Pakia na `NetKVM` hapo hapo, la sivyo utafika kwenye hatua ya mtandao bila mtandao. Windows 11 inataka pia UEFI (BIOS ya kisasa), TPM 2.0 (chipu ya usalama), RAM ya GB 4 na diski ya GB 64. Proxmox hutengeneza TPM pepe ukitia alama tu. Aina ya CPU usiiweke `kvm64`, kwani haina amri za SSE4.2 na POPCNT ambazo Windows 11 24H2 inazidai, na mgeni hatawaka. Iache kwenye `x86-64-v2-AES`, au iweke `host` ikiwa hutamhamishia mgeni kwenye kompyuta nyingine.

Kwenye kila diski pepe tia alama ya Discard. Bila hiyo, faili zinazofutwa ndani ya mgeni hazimrudishii mwenyeji nafasi, na hazina ya LVM-thin, zinamokaa diski za wageni kwenye SSD, hujaa kidogo kidogo. Ikifika asilimia 100, wageni wote hupata makosa ya kuandika kwa wakati mmoja na data inaweza kuharibika. Amri ya `lvs` huonyesha asilimia kwenye safu ya Data%. Ikivuka 85, shughulikia siku hiyo hiyo.

Waya, si Wi-Fi

Nyumba za mawe za Lamu zina kuta nene za matumbawe, na kutoboa ukuta wa aina hiyo si kazi ya kukurupukia. Kwa hiyo kishawishi ni kuweka sanduku lipokee mtandao kwa Wi-Fi. Haitafanya kazi kama unavyotaka. Wageni hutoka nje kupitia daraja, yaani swichi pepe ya mwenyeji (`vmbr0` kwenye Proxmox), na kila mgeni ana anwani yake ya MAC, namba inayoitambulisha kadi yake ya mtandao. Kituo cha Wi-Fi hukubali pakiti za kifaa kilichojisajili kwake tu. Pakiti zenye MAC ya mgeni huzitupa. Mwenyeji ataona intaneti, wageni hawataona.

Suluhisho la kwanza ni kuweka sanduku karibu na ruta na kuziunganisha kwa waya mfupi, na skrini za makarani ndizo zitumie Wi-Fi. La pili ni ruta ndogo ya kupokea Wi-Fi na kuitoa kwa waya, ikae kando ya sanduku, na nyuma yake kuwe na mtandao wake. La tatu, kwa Debian, ni kuacha daraja na kutumia mtandao wa NAT unaokuja na libvirt, 192.168.122.0/24, ambamo wageni hutoka nje kwa anwani ya mwenyeji, kwa `virsh net-start default` na `virsh net-autostart default`. Wageni watatoka nje, lakini kompyuta za ofisi hazitawafikia bila kufunguliwa milango, kwa hiyo seva ya faili haitafaa kwa njia hii.

Stima inapokatika

Sehemu hii ndiyo inayoamua kama kazi yote imefaa.

Kwenye BIOS tafuta "AC Recovery", "After Power Loss" au "Restore on AC Power Loss" na uweke Power On. Kwenye Proxmox kila mgeni apewe Start at boot, na mpangilio: seva ya faili kwanza, Windows ya hesabu baadaye kwa kuchelewa sekunde 60, kwa sababu inatafuta faili zake kwenye seva. Ndani ya kila mgeni sakinisha `qemu-guest-agent` ili akiombwa kuzima azime kweli. Diski pepe ziache kwenye hali yake ya kawaida ya No cache. Wengi huweka Write back kwa sababu kasi inaonekana kuongezeka. Kasi hiyo ni data iliyokaa kwenye RAM ya mwenyeji bila kufika kwenye diski, na stima ikikatika inapotea.

UPS ndogo yenye betri ya volti 12 na Ah 7 ina Wh 84 kwa makaratasi. Sanduku la wati 40 na ruta ya wati 10 hesabia nusu saa, usihesabie zaidi. Joto la pwani hula betri za risasi. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza maisha yake kwa nusu. Panga kuibadilisha kila baada ya miaka miwili.

UPS isiyoongea na mwenyeji huchelewesha tu ajali. Iunganishe kwa USB na usakinishe NUT, programu inayosoma hali ya UPS, kwa `apt install nut`. Amri `nut-scanner -U` itakutajia draiva, nyingi hutumia `usbhid-ups`, na zile za bei rahisi huwa ni `nutdrv_qx`. Weka `MODE=standalone` kwenye `/etc/nut/nut.conf`, na kwenye `/etc/nut/ups.conf`:

```
[ups]
driver = usbhid-ups
port = auto
ignorelb
override.battery.charge.low = 40
```

Mistari miwili ya mwisho inamwambia mwenyeji aanze kuzima betri ikifika asilimia 40, asingoje onyo la UPS yenyewe, ambalo kwa betri kuukuu huja zikiwa zimebaki sekunde. Kumbuka kwamba wageni wanahitaji hadi dakika tatu kufunga. Maliza kwa mtumiaji kwenye `upsd.users` na mstari wa MONITOR kwenye `upsmon.conf`, kisha `upsc ups@localhost` ikuonyeshe asilimia ya betri. Isipoonyesha, usiendelee.

Sasa mtego wenyewe. Mwenyeji amezima vizuri, UPS bado ina chaji kidogo, na stima inarudi dakika mbili baadaye. Kwa sanduku, umeme haukukatika kamwe, kwa hiyo BIOS haina sababu ya kuliwasha. Linakaa kimya mpaka mtu abonyeze kitufe. NUT hutatua hili kwa kuiamuru UPS ikate umeme wake mwenyeji akishazima, kupitia mpangilio wa POWERDOWNFLAG kwenye `upsmon.conf`, na kuurudisha stima ikirudi. Si UPS zote zinazotii amri hiyo. Yako ikikataa, tumia ruta inayoweza kutuma ishara ya Wake-on-LAN, ya kuwasha kompyuta kupitia waya wa mtandao, kila inapowaka (ichomekwe ukutani, nje ya UPS, la sivyo nayo haitajua kwamba stima ilikatika), au nunua UPS nyingine.

Chumvi, joto na safari ya boti

Sanduku livuke bahari limefungwa ndani ya nailoni mbili, likalishwe mbali na ukingo wa boti, na likifika lisiwashwe mpaka likae saa kadhaa ndani ya nyumba. Lisiwekwe dirishani kunakoingia upepo wa kaskazi. Lisiwe sakafuni pia, na nyuma yake kuwe na shubiri ya nafasi ya hewa. Kila miezi mitatu lipulizwe vumbi. RAM ikianza kuleta makosa yasiyoeleweka, itoe, sugua meno yake kwa alkoholi ya isopropili na uirudishe. Mara nyingi ni ukungu wa chumvi tu. Joto lisome kwa `sensors` kutoka kwenye kifurushi cha `lm-sensors`.

Nakala rudufu, na jaribio kabla ya kukabidhi

Diski ya nje ya USB inatosha. Ipachike kwenye `/mnt/nakala` kupitia `/etc/fstab`, na kwenye chaguo za mstari wake usisahau `nofail`. Bila neno hilo, siku mtu akiichomoa diski, mwenyeji atakwama kwenye hali ya dharura wakati wa kuwaka, akingoja nenosiri kwenye skrini isiyokuwepo. Kwenye Proxmox isajili kama hazina ya aina ya Directory iitwayo nakala, kisha:

`pvesm set nakala --is_mountpoint 1`

Hii huzuia kosa la kimya: diski haipo, lakini folda ipo, na nakala za usiku zinaandikwa kwenye SSD ya mwenyeji mpaka inajaa. Ratiba iwe saa saba usiku, namna ya snapshot, mkandamizo wa ZSTD, na kubakisha nakala tatu za mwisho. Mara moja kwa mwezi diski ya pili ipelekwe nje ya kisiwa. Na urudishe nakala moja kwa jina jingine, kama mgeni mpya, umwashe huku umemwondolea kadi ya mtandao ili asigongane na wa kwanza, uone kama programu ya hesabu inafunguka.

Kabla ya kumkabidhi mwenye nyumba, chagua saa ambayo hakuna kazi, chomoa UPS ukutani, usiguse kitu kingine. Hesabu dakika mpaka sanduku lizime lenyewe. Subiri dakika mbili, rudisha plagi, na uhesabu mpaka programu ya hesabu ifunguke kutoka laptopu ya karani. Rudia mara ya pili, lakini safari hii rudisha plagi sanduku likiwa ndiyo kwanza limeanza kuzima. Ikihitajika kubonyezwa kitufe katika mojawapo ya majaribio hayo, rudi kwenye UPS na BIOS. Yakifaulu yote mawili, andika dakika ulizopata kwenye ile karatasi iliyobandikwa juu ya sanduku, pamoja na anwani ya mtandao na tarehe ya betri.